Karatasi Ndiyo Nyumba ya Picha

Katika nyumba moja ya askari polisi mjini Jinja, mji ule ambako Mto Naili huanza safari yake ndefu, zilitundikwa picha mbili za mtu mmoja. Ya kwanza ni ndogo, haizidi kiganja cha mkono. Ilipigwa mwaka 1946, wakati koplo mmoja wa King's African Rifles aliporudi nyumbani kutoka vita vya Burma. Amesimama wima, kofia ya pama kichwani, mkanda mpana kiunoni, na mistari miwili mkononi. Ya pili ni kubwa kama ukurasa wa daftari. Ilikuzwa kutoka katika ile ndogo miaka mitatu iliyopita, jamaa walipokusanyika kwa matanga. Ilichapwa kwa printa, ikatiwa fremu ya rangi ya dhahabu, ikawekwa mahali pa heshima, mkabala wa mlango.

Ajabu ni hii. Ile ndogo, yenye umri wa karibu miaka 80, ingali ikionyesha kila kifungo cha shati na kila mkunjo wa kitambaa chini ya mkanda. Ile kubwa, yenye umri wa miaka mitatu, imekwisha haribika. Weusi wa mkanda umekuwa kahawia yenye kijani. Shavu lililoelekea mlangoni limefifia. Mahali tone la mvua lilipopenya kutoka darini pamebaki doa la zambarau, na sikio la mzee halionekani tena. Picha mama bado ni kijana. Picha mtoto imezeeka.

Binti wa koplo huyo, ambaye leo ni mama mtu mzima mwenye wajukuu, aliitazama picha hiyo siku nyingi bila ya kusema neno. Mwishowe alimwita mwanawe, sajini wa polisi, akamwambia, "Mwanangu, babu yenu alikufa mara moja. Msimwache afe mara ya pili ukutani."

Sajini alikuwa na shida nyingine pia. Ndugu zake watatu, mmoja wao akiwa jeshini, kila mmoja alitaka nakala ya kuweka nyumbani kwake. Negativu haikuwako. Ilikuwako picha ile ndogo peke yake, na kila ilipotolewa kupelekwa dukani ilirudi na mkunjo mpya pembeni. Kwa hiyo ilimpasa kuifanya kazi hiyo mara moja tu, na kuifanya sawasawa.

Shida hiyo si ya jamaa moja. Katika kambi nyingi na katika nyumba nyingi za askari mna picha za namna hiyo, nyeusi na nyeupe, za mababu na akina baba waliovaa sare za zamani. Watu wanapotaka kuzikuza huuliza bei, huuliza ukubwa, na huuliza fremu. Ni wachache waulizao swali lililo kubwa kuliko hayo yote: picha hiyo itakaa juu ya karatasi gani?

KWA NINI PICHA YA ZAMANI IMEDUMU

Karatasi ya picha ya zamani haikuwa karatasi ya kawaida. Chini ilikuwako karatasi safi ya nyuzi. Juu yake ilipakwa tabaka ya barita, yaani unga mweupe wa madini ya bari uliochanganywa na jelatini, nayo ndiyo iliyoipa picha weupe wake laini. Juu ya barita ikapakwa jelatini nyingine yenye chumvi za fedha. Mwanga ulipozigusa chumvi hizo, na dawa za chumba cha giza zilipofanya kazi yake, ziligeuka kuwa chembe ndogo mno za fedha. Hivyo weusi wa mkanda wa koplo si rangi iliyopakwa juu ya karatasi. Ni madini yenyewe. Picha ya namna hiyo ikioshwa vizuri baada ya dawa, na ikitunzwa pakavu, huweza kupita vizazi vitatu.

Printa ya kunyunyiza wino hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Hutupa matone madogo sana juu ya karatasi, maelfu kwa maelfu, mpaka uso wa mtu ukatokea. Hakuna fedha wala chumba cha giza. Uhai wa picha hutegemea mambo mawili tu: wino wenyewe, na ngozi ya karatasi iupokeayo wino huo.

Printa hizi zilipoanza kutumiwa kwa picha za sanaa, hata mabingwa walipata hasara kama ya sajini. Mwaka 1991 mwanamuziki Graham Nash na mwenzake R. Mac Holbert walifungua karakana iliyoitwa Nash Editions huko Manhattan Beach, California, Marekani. Walitumia mashine ya Iris 3047, ambayo bei yake ilikuwa dola 126,000. Mashine hiyo ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya wapiga chapa, ili watoe nakala ya kukagua kabla ya kazi kubwa kuanza. Picha zilizotoka juu ya karatasi nene ya pamba zilipendeza mno. Lakini nakala ya kukagua hutazamwa siku chache kisha hutupwa, na wino wake haukukusudiwa kudumu. Karatasi ilibaki nzuri, picha ikafifia.

Iliwabidi mafundi watafute wino mwingine. Mwaka 2000 zikaanza kupatikana printa za mezani za picha zenye wino mgumu wa pigmenti, na mwaka 2005 kampuni ya Epson ikatoa printa zenye weusi wa ngazi tatu: mweusi, mweusi hafifu, na mweusi hafifu zaidi. Kwa picha isiyo na rangi hiyo ilikuwa hatua kubwa. Kijivu cha shavu au cha shati hakikutegemea tena sana mchanganyiko wa wino za rangi, ambao mara nyingi huelekea kijani au waridi.

WINO KAMA CHAI, WINO KAMA MASIZI

Kabla ya kuchagua karatasi, hapana budi kujua wino wa printa itakayotumika, maana karatasi nzuri haiwezi kuuokoa wino mbaya.

Wino wa kwanza ni ule ambao rangi yake imeyeyuka ndani ya maji, kama sukari ndani ya chai. Hung'aa na kupendeza siku ya kwanza. Lakini rangi iliyoyeyuka haina ngao. Mwanga huivunja, hewa chafu huila, na maji yakiigusa huyeyuka tena na kutembea. Doa la zambarau katika picha ya sajini ni ushahidi wa jambo hilo: weusi ule ulikuwa mchanganyiko wa rangi, na tone la mvua likazitenganisha.

Wino wa pili ni wa pigmenti. Rangi yake ni chembe ngumu zinazoelea ndani ya maji, kama udongo katika maji ya mto wakati wa masika. Maji yakikauka, chembe hubaki. Pigmenti nyeusi ni kaboni, ndugu wa masizi ya chungu, na kila mama aliyewahi kusugua sufuria anajua jinsi masizi yasivyokubali kuondoka.

Maabara ya Wilhelm Imaging Research ya Marekani, ambayo hupima maisha ya picha kwa kuziweka chini ya mwanga mkali, imekadiria kwamba picha nyeusi na nyeupe za wino wa pigmenti juu ya karatasi bora, zikiwa nyuma ya kioo, zaweza kukaa zaidi ya miaka 100 kabla ya kufifia kwa namna ionekanayo. Yafaa ifahamike, hata hivyo, kwamba hesabu hiyo hufanywa kwa chumba chenye joto la nyuzi 24 na mwanga wa saa 12 kwa siku uliopitia kiooni. Ukuta unaopigwa na jua la saa kumi alasiri haumo katika hesabu hiyo.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza fundi ni moja: wino wa printa hii ni wa pigmenti? Akijibu kwamba hajui, ni heri kuichukua picha na kwenda kwa mwingine.

KARATASI ZA AINA TATU

Karatasi za kuchapia picha ni nyingi kama kanga madukani, na kila kiwanda huzipa majina yake. Lakini kwa picha nyeusi na nyeupe, zote zaweza kuwekwa katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni karatasi iliyofunikwa plastiki pande zote mbili. Hii ndiyo ijulikanayo na watu wengi: laini, ya kung'aa au nusu kung'aa, na bei yake ni nafuu. Ikitumiwa na wino wa pigmenti hutoa picha safi yenye weusi mzito. Si karatasi ya kudharauliwa. Udhaifu wake ni kwamba ile inayong'aa sana hurudisha kila taa na kila dirisha, na weupe wake mara nyingi ni wa dawa, kama itakavyoelezwa mbele.

Fungu la pili ni karatasi ya pamba isiyong'aa. Hutengenezwa kwa nyuzi za pamba, si kwa mti uliosagwa tu. Mti una kitu kiitwacho lignini, nacho ndicho kinachoifanya karatasi ya gazeti kuwa ya manjano ikiachwa juani siku chache. Pamba haina tabia hiyo. Viwanda vilivyo mashuhuri kwa karatasi hizi ni vya kale: Canson ya Ufaransa ilianza mwaka 1557, na Hahnemühle ya Ujerumani mwaka 1584. Karatasi ya Photo Rag ya Hahnemühle, inayopendwa sana na wapiga picha, ina uzito wa gramu 308 kwa mita mraba, wakati karatasi ya kawaida ya ofisini ni gramu 80. Ukiishika mkononi huhisi kitu kama kadi au kitambaa kilichotiwa wanga. Udhaifu wake ni kuchubuka. Ukucha au mchanga ukipita juu ya sehemu nyeusi huacha mstari mweupe.

Ipo pia karatasi ya mti uliosafishwa mpaka lignini yote ikatoka. Hiyo ni nafuu kuliko pamba, nayo ikiwa haina asidi hudumu vizuri. Mwenye uwezo mdogo asione haya kuichagua.

Fungu la tatu ni karatasi ya barita ya siku hizi. Watengenezaji wameirudisha tabaka ileile nyeupe ya madini ya bari iliyokuwa ndani ya picha za zamani, wakaipaka juu ya karatasi ya pamba au ya mti, kisha wakaweka juu yake ngozi ya kupokea wino. Mng'ao wake ni wa wastani, kama ganda la yai lililopakwa mafuta kidogo. Hii ndiyo karatasi iliyo karibu zaidi na picha aliyopigwa koplo mwaka 1946. Udhaifu wake ni bei, na tena hupata ufa pembeni ikikunjwa.

WEUSI NI KIASI GANI?

Katika picha ya rangi, jicho hutangatanga kutoka rangi moja hadi nyingine. Katika picha nyeusi na nyeupe jicho lina kazi moja tu: kupima hatua kutoka weusi mpaka weupe. Basi weusi ukiwa dhaifu, picha nzima huonekana kama imefunikwa na vumbi.

Mafundi hupima weusi kwa namba. Karatasi ya pamba isiyong'aa hufika karibu na 1.7. Karatasi nzuri ya barita hufika 2.3 na pengine zaidi. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini si ndogo. Weusi wa 1.7 hurudisha machoni mianga 2 katika kila 100. Weusi wa 2.3 hurudisha nusu ya mmoja katika 100, yaani robo ya ule wa kwanza. Ndiyo maana mkanda wa askari juu ya barita huonekana kama ngozi iliyopigwa rangi ya kiatu, na juu ya pamba huonekana kama mkaa.

Je, kwa hiyo barita ndiyo bora siku zote? La. Picha ikishawekwa nyuma ya kioo, kioo chenyewe hurudisha mwanga wake, na tofauti ile hupungua. Tena uso wa mtu haukai katika weusi mtupu. Hukaa katika vijivu vya katikati, na hapo pamba isiyong'aa ina upole wa pekee. Kama picha ina sare nyeusi, usiku, au kivuli kingi, barita huisaidia. Kama picha ni ya uso, wa mtu mzee au wa mtoto, pamba huisaidia zaidi.

TOCHI YA KUKAGUA NOTI

Watu wengi wakichagua karatasi huchukua ile iliyo nyeupe kuliko zote, wakidhani weupe ni usafi. Hapo ndipo wengi wanapokosea.

Weupe mwingi wa madukani hutokana na dawa ya kung'arisha, jamaa ya ile itiwayo katika sabuni ya unga ili nguo zionekane nyeupe sana. Dawa hiyo hupokea mwanga usioonekana wa jua na kuurudisha ukiwa wa buluu. Kwa miaka michache karatasi humetameta. Kisha dawa huchoka, weupe wa kukopa huondoka, na karatasi hurudi katika rangi yake halisi, yenye umanjano kidogo. Picha ya rangi yaweza kuyaficha mabadiliko hayo. Picha nyeusi na nyeupe haiwezi, maana weupe wa karatasi ndio weupe wa macho, wa meno, na wa kola ya shati.

Kuna njia rahisi ya kuitambua dawa hiyo, na askari wengi tayari wanayo mikononi. Ni ile tochi ya nuru ya zambarau itumiwayo na wenye maduka na mabenki kukagua noti. Noti halali ya karatasi hutengenezwa kwa pamba isiyotiwa dawa, kwa hiyo chini ya tochi hiyo mwili wake hubaki hafifu, na alama zake za siri tu ndizo zinazowaka. Noti bandia iliyochapwa juu ya karatasi ya dukani huwaka yote kwa buluu. Karatasi ya picha nayo ipimwe vivyo hivyo. Ikiwaka sana kama shati jipya, ina dawa nyingi. Ikibaki hafifu, weupe wake ni wa asili.

Sajini alifanya hivyo mbele ya fundi. Alitandaza karatasi nne mezani, akafunga pazia, akawasha tochi. Mbili ziliwaka kama taa. Moja iliwaka kidogo. Ya nne, ambayo ilikuwa ya pamba, ilibaki kimya.

"Afande," fundi alisema akicheka, "leo umekuja kukamata karatasi."

UPANDE WA KARATASI NA WINO WAKE

Kosa jingine hutokea mashineni. Printa nyingi za pigmenti zina weusi wa namna mbili: mmoja kwa karatasi isiyong'aa, mwingine kwa karatasi yenye mng'ao. Weusi wa mng'ao ukitumiwa juu ya pamba isiyong'aa hutoa kijivu kilichochoka. Weusi wa pamba ukitumiwa juu ya barita haushiki vizuri, na huweza kufutika kwa kidole. Kwa hiyo fundi lazima aiambie mashine, kabla ya kuchapa, aina hasa ya karatasi iliyomo ndani yake. Viwanda vizuri hutoa maelekezo ya rangi kwa kila karatasi yao na kwa kila aina ya printa. Fundi mwangalifu huyatumia wala habahatishi.

Tena, karatasi nyingi za pamba zina upande mmoja tu uliopakwa ngozi ya kupokea wino. Ukichapa upande wa pili, wino huzama kama maji mchangani. Kuutambua upande ulio sawa, huloweshwa ncha ya kidole kidogo tu na kuguswa pembe ya karatasi. Upande uliopakwa hunatanata. Upande mwingine haunati.

Kabla ya kuchapa picha yote, yafaa kuchapa kipande cha majaribio chenye upana wa vidole vinne. Kichukuliwe mahali penye mambo matatu kwa pamoja: weusi mzito, uso, na weupe. Kwa picha ya koplo ilitosha ukanda mmoja kutoka ukingo wa kofia, kupitia shavu, mpaka kola na mkanda. Kipande hicho kiachwe kikauke, kisha kitazamwe mara mbili: kwanza dirishani mchana, halafu chini ya taa ya nyumbani usiku. Kama shavu ni kijivu dirishani lakini limekuwa kijani au waridi chini ya taa, mashine imechanganya rangi mno. Fundi atumie njia ya kuchapa picha zisizo na rangi. Kama nyuzi za kitambaa chini ya mkanda hazionekani, weusi umefungwa mno, naye hana budi kuufungua kidogo.

GHARAMA NA UAMUZI WA JAMAA

Karatasi bora ni ghali, na mara nyingi haipatikani katika kila mji, hubidi iagizwe. Bei ya karatasi moja ya pamba ni mara nyingi ya bei ya karatasi ya plastiki. Mshahara wa askari unajulikana, na ada za shule hazingoji. Basi jamaa ya sajini ilikaa chini kufanya hesabu.

Kwanza waliamua kwamba picha ya asili itolewe katika fremu mara moja tu. Ilinakiliwa kwa skana, kwa nukta 1,200 kwa kila inchi, kiasi kitoshacho kuikuza mara tatu na nusu bila ya uso kuparaganyika. Nakala hiyo ikahifadhiwa mahali pawili tofauti.

Pili, hawakununua karatasi bora nne. Walinunua moja ya pamba kwa nyumba ya mama, na tatu za plastiki zisizong'aa kwa nyumba za ndugu, zote zikachapwa kwa wino uleule wa pigmenti. Ndugu aliye jeshini hakulalamika. Alisema kwamba yeye huhamishwa kila mara, na picha inayosafiri ndani ya sanduku la bati inahitaji ngozi ngumu kuliko ngozi nzuri. Hilo nalo ni neno la busara. Karatasi huchaguliwa kwa kufuata mahali itakapoishi.

Kwa nini pamba, wala si barita, kwa nyumba ya mama? Fundi alikuwa ameshauri barita, kwa sababu ya ule mkanda mweusi. Mama aliletewa vipande viwili vya majaribio. Alikishika cha barita, akakigeuza huku na huku kuelekea mlangoni, akakirudisha.

"Huyu ni mzuri," alisema, "lakini nikimtazama najiona mimi, na mlango, na watoto wanaopita nje. Nataka kumwona yeye."

Neno lake likawa ndilo la mwisho.

UKUTANI NA KABATINI

Karatasi bora haidumu kwa ubora wake peke yake. Picha ikishachapwa iachwe wazi siku moja nzima kabla ya kutiwa kiooni, ili unyevu wa wino utoke. Isigusane na kioo. Kati ya picha na kioo pawekwe kadi nene isiyo na asidi, iliyokatwa dirisha katikati; maana mahali penye unyevu kama kando ya Ziwa Victoria, picha iliyogusa kioo hunata, na siku ya kuitoa huacha uso wake humo. Nyuma ya fremu, katika pembe za chini, pabandikwe vipande viwili vidogo vya kizibo ili hewa ipite ukutani. Na fremu isitundikwe mkabala wa mlango, wala juu ya jiko, wala chini ya bati linalovuja. Heshima ya picha si kuonwa na kila apitaye, ni kudumu.

Picha ya asili, hata kama nakala yake ni nzuri namna gani, isitupwe wala isirudishwe juani. Itiwe ndani ya bahasha safi ya karatasi isiyo na asidi, si katika mfuko wa plastiki, wala katika albamu zile zenye kurasa za gundi. Na wenye negativu wazitunze kuliko picha. Mwaka 2015 katika ofisi za utangazaji za taifa mjini Kampala yalionekana makabati yenye negativu zipatazo 70,000 zilizopigwa na wapiga picha wa serikali, nyingi zikiwa za miaka ya 1970, wakati wa utawala wa Idi Amin. Nyingi hazikuwahi kuchapwa. Mwaka 2019 zipatazo 150 kati yake zilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda, na watu wakazitazama nyuso ambazo zilikuwa zimelala gizani zaidi ya miaka 40. Zilipona kwa sababu hakuna aliyezitupa.

Leo picha mpya ya koplo iko ukutani mwa nyumba ile ya Jinja, lakini si mkabala wa mlango tena. Imewekwa ukuta wa pembeni, palipo kivuli, karibu na kiti anachokalia mama jioni. Weupe wa karatasi yake si mkali. Wafanana na weupe wa ile picha ndogo, ambayo sasa imepumzika ndani ya bahasha kabatini. Vifungo vya shati vyahesabika. Sikio limerudi. Mjukuu mdogo wa mama, aliyezaliwa baada ya matanga, husimamishwa mbele yake na kuulizwa, "Huyu ni nani?" Naye hunyosha kidole na kujibu bila ya kusita, "Babu koplo."